Mwongozo: Kumwezesha mwanafunzi wa bweni aseme kabla mambo hayajaharibika

Ndoo ndizo zilizonifumbua macho. Mwaka wangu wa kwanza nikiwa matroni kwenye shule moja ya wasichana, binti wa Kidato cha Kwanza alikuja kuniomba ruhusa ya kwenda sokoni kununua ndoo. Nikampa. Wiki mbili hazijaisha, akarudi na ombi lile lile. Nikamsema kwa uzembe, nikampa tena. Ndoo ya tatu hakuiomba. Nilimkuta bombani anakinga maji kwa dumu la lita tano lililokatwa mdomo, kidole kimefungwa kitambaa kwa sababu makali ya plastiki yalimchana.

Bweni zima lilijua ndoo ziko wapi. Dada mmoja wa Kidato cha Nne alikuwa akizitwaa, anafuta jina lililoandikwa kwa rangi ya kucha, anaandika lake, kisha anamtuma mwenye mali amchotee maji kwa ndoo hiyo hiyo kila alfajiri. Watu arobaini na wawili wanajua. Mimi ninayelala hatua thelathini kutoka mlangoni mwao sijui lolote.

Mstarini tulikuwa tukiwahubiria kila Jumatatu: semeni, msiogope, walimu wenu ni wazazi wenu. Wakati huo huo kila mmoja wao alijua kinachompata anayesema. Ataitwa mnoko. Ataambiwa kachoma wenzake. Sabuni yake itapotea, kwenye foleni ya bomba atasukumwa nyuma, na usiku hakuna atakayemsindikiza chooni. Mtoto wa miaka kumi na nne anapiga hesabu hiyo kwa sekunde moja, na huwa hakosei. Tangu siku ile ya dumu niliacha kudai ujasiri kutoka kwa watoto, nikaanza kutafuta namna ya kufanya kusema kusiwe na gharama kubwa kiasi hicho. Hatua zilizo hapa chini ndizo zilizonifaa. Nyingine nilizijua baada ya kukosea, nami nitayasema makosa yenyewe ili mwalimu mwenzangu usiyarudie.

Hatua ya kwanza: Ijue shule yako katika saa ambazo huwa haupo

Shule ya saa mbili asubuhi, mashati yamepigwa pasi na bendera inapanda, siyo shule wanayoishi wanafunzi. Amka uende bombani saa 11 alfajiri. Pita mabwenini saa 4 usiku, prepo (masomo ya usiku) ikiisha, kabla taa hazijazimwa. Kaa bwaloni Jumamosi mchana, walimu wengi wakiwa wameenda mjini. Usibebe daftari wala fimbo. Beba kikombe chako cha chai, uonekane umekuja tu. Wiki ya kwanza watanyamaza ukipita. Wiki ya tatu watakuzoea, na hapo ndipo utaona nani anabeba ndoo mbili na nani anatembea mikono mitupu.

Kisha wape karatasi. Kila mwanafunzi achore shule yake, hata kama mchoro ni mbaya, na aweke alama ya X mahali ambapo hapendi kupita akiwa peke yake. Asiandike jina. Zikusanye, kaa nazo jioni, hamishia alama zote kwenye mchoro mmoja mkubwa.

Sisi tulitegemea X zijae vyooni. Zilikuwepo, lakini chache. Sehemu zilizojaa X zilikuwa tatu: bombani, kwenye stoo ya matranka, na pale kwenye foleni ya chakula anaposimama kiranja anayepakua. Ya nne ilikuwa mlangoni mwa ofisi ya walimu. Hiyo ya nne iliwaudhi baadhi yetu, na mmoja akasema zoezi zima ni la kitoto. Mimi nasema hata kama imekuuma, iache ramani ilivyo.

Marekebisho hayakuhitaji fedha. Maji yakawa kwa zamu ya bweni, siyo kwa nguvu ya mabega. Stoo ya matranka ikafunguliwa saa maalumu, mlezi akiwepo. Kijiko cha kupakulia kikarudi mikononi mwa wapishi, kwa sababu aliyeshika upawa wa maharage anashika shule. Mtu anaweza kukuadhibu muhula mzima kwa kukupa mchuzi mtupu, na hakuna kosa litakaloandikwa popote.

Ukiwa kwenye mzunguko huo, jaribu kila mlango wa bweni kwa mkono wako usiku. Shule ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, ilipoteza wasichana 42 kwa moto wa bweni mwaka 1994. Kenya nayo imezika wanafunzi wengi kwa moto wa mabweni, na mwongozo wake wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo. Kama mlango wa pili wa bweni lako una kufuli na ufunguo uko kwa mtu aliyelala nyumbani kwake, wanafunzi wanajua hivyo. Waulize lini mara ya mwisho walimwambia mtu mzima, na wakajibiwa nini.

Hatua ya pili: Sanduku la maoni, na mahali pa kulitundika

Karibu kila shule ina sanduku la maoni. Mengi ni mapambo. La kwetu lilikuwa zuri, la mbao za mninga, limetundikwa ukutani nje ya ofisi ya mwalimu wa nidhamu. Kwa muhula mzima tulikuta humo karatasi moja ya pipi na barua moja iliyoomba nyama siku za Jumamosi.

Tukalihamishia nyuma ya mabweni, karibu na kamba za kuanikia nguo. Kila mwanafunzi hufika pale, kila mmoja ana sababu ya kusimama, na mashuka yaliyoanikwa yanamficha aliyesimama. Wiki hiyo hiyo zikaingia karatasi kumi na moja. Kwa hiyo kabla hujanunua kufuli, tafuta mahali ambapo mtu anaweza kuinua mkono bila mwingine kujiuliza anafanya nini. Shule za wavulana jaribuni njia ya kwenda uwanjani au sehemu ya kufulia. Mlangoni mwa kanisa au msikiti wa shule hapafai, kwani hapo watu husimama makundi makundi wakitazamana.

Kufuli liwe na funguo mbili tu. Mmoja ukae kwa mwalimu wa malezi na unasihi, mwingine kwa mkuu wa shule. Kiranja asiushike, hata awe mwaminifu namna gani. Unamwonea kwa kumpa siri ambazo zitamfanya aogopwe. Fungueni siku ile ile kila wiki, watu wawili mkiwa pamoja, na zikiisha kusomwa zihifadhiwe kabatini penye kufuli.

Sasa kosa langu. Mwezi wa pili wa sanduku jipya nilisoma barua moja mstarini, neno kwa neno, bila jina. Ilikuwa na maneno “kwa kweli inaniumaga sana”. Niliposema “inaniumaga” nikaona vichwa kama ishirini vinageuka kumtazama binti mmoja wa safu ya tatu. Ndivyo anavyoongea, na shule nzima inajua. Kufikia usiku godoro lake lilikuwa limemwagiwa maji. Tangu hapo sijasoma barua ya mwanafunzi mbele ya watu. Kinachosomwa ni majibu: “Kuhusu maji ya alfajiri, kuanzia kesho bweni la pili litaanza.” Hata mwandiko ulindwe. Usiache karatasi mezani, kwa sababu wanaokuja kufagia ofisi ni wanafunzi, na wanatambuana miandiko kuliko tunavyodhani.

Majibu yatoke ndani ya siku saba, hata kama jibu lenyewe ni “hili hatuliwezi muhula huu, sababu ni hii.” Sanduku lisilojibu hufa haraka kuliko sanduku lisilofunguliwa.

Hatua ya tatu: Mwenye sikio asiwe mwenye fimbo

Waachieni wanafunzi wamchague mwalimu wa kuambiwa mambo. Kura ya siri, majina mawili ya walimu wa kike na mawili ya kiume kama shule ni ya mchanganyiko. Mara nyingi hawatamchagua mliyemtarajia. Kwetu walimchagua mtunza maktaba, mama mkimya ambaye hakuwa mwalimu kabisa. Tukamkubali, tukamtafutia mafunzo ya unasihi kupitia ofisi ya elimu ya wilaya.

Yeyote atakayechaguliwa asiwe kwenye kamati ya nidhamu. Haiwezekani mtu huyo huyo asubuhi akushike mkono na mchana akushikie kiboko. Kuhusu viboko vyenyewe, naona walimu wengi wa Tanzania Bara hawajasoma kanuni, kwa hiyo naziweka wazi: tangu marekebisho ya 2002, mwisho ni viboko vinne, anayetoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu inaandikwa kwenye daftari maalumu. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Kenya imepiga marufuku adhabu ya viboko mashuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inalisema hilo bila kupepesa. Mimi binafsi niliacha kiboko miaka mingi iliyopita na sioni kama kuacha huko kulinipunguzia chochote, lakini hilo ni langu. Lisilo na mjadala ni hili: kiranja hana ruhusa ya kumpiga mwenzake, hata kofi moja, hata kwa agizo la mwalimu wa zamu. Wasomeeni viranja jambo hilo siku wanapoapishwa, mbele ya shule nzima, ili njuka, yaani mwanafunzi mgeni, naye alisikie.

Hatua ya nne: Wiki mbili za njuka

Uonevu mwingi huanza kabla mtoto hajajua bwalo liko wapi. Amefika na tranka jipya, mama ameondoka na basi la saa nane, na anayemsogelea kwanza ndiye atakayemmiliki. Hakikisha anayemsogelea kwanza umemchagua wewe.

Kila njuka apewe dada au kaka wa Kidato cha Tatu. Wa Kidato cha Pili wana kidonda kibichi. Jana wao ndio walikuwa njuka, na wengi wanasubiri kulipa deni kwa mtu asiyehusika. Usichague vinara wa darasa peke yao. Chagua yule ambaye wadogo humwendea wakiishiwa sabuni. Kazi yake ni ndogo na ina mwisho: siku kumi na nne za kumwonyesha njia, kula naye meza moja, kumsaidia kuandika jina kwenye ndoo. Kuhusu ndoo, sisi tulifika mahali tukaacha rangi ya kucha. Tunachoma jina kwa msumari wa moto, halifutiki.

Siku ya kumi na nne mwite njuka peke yake, umwulize maswali matatu mepesi. Umelala vizuri jana? Nani unakula naye? Kuna kitu chako kimepotea? Usimwulize kama anaonewa. Jibu la swali hilo ni “hapana, madam” tangu dunia iumbwe.

Hatua ya tano: Wape mashahidi maneno

Yule anayeonewa huwa hana nafasi ya kufanya mengi. Wenye nafasi ni wale arobaini waliolala macho wazi. Tatizo lao ni kwamba wanadhani kuna mambo mawili tu, kumkabili mwonevu au kunyamaza, na kumkabili dada wa Kidato cha Nne saa 5 usiku ni kujitakia makubwa. Wafundishe yaliyo katikati.

La kwanza ni kumtoa mwenzako pale. Unapita, unamshika mkono: “Njoo tukachote maji, foleni inafungwa.” Hujamgusa mwonevu, hujamwangalia hata usoni. Tulipoanza zoezi hili wanafunzi walipenda kusema “unaitwa na matroni”, na mwalimu wa dini akalalamika, kwa haki, kwamba tunafundisha uongo. Tukakubaliana: mwanafunzi yeyote akiletwa kwangu kwa maneno hayo, basi kweli nimemwita, saa yoyote. Nimeamshwa saa 8 usiku na mabinti wawili wakisema, “Madam, ulimwita huyu.” Nikasema, ndiyo, nilimwita, ingieni.

La pili ni kukaa karibu. Wawili watatu wanasogea, wanakaa kitanda cha jirani, wanakunja nguo zao polepole. Uonevu unataka watazamaji wanaocheka au giza lisilo na mtu. Watu wanaokunja nguo kimya kimya wanauchosha.

La tatu ni kwenda kwa aliyeonewa baadaye. “Nimeona. Haikuwa sawa. Kesho nitakusindikiza kwa madam ukitaka.” Wanafunzi wengi waliowahi kuja kwangu walikuja wakiwa wawili, na mara nyingi aliyebisha hodi ni yule msindikizaji.

Haya hayaingii kichwani kwa kuelezwa. Fanyeni igizo Ijumaa jioni, bweni kwa bweni, dakika ishirini. Nafasi ya mwonevu ichukuliwe na mwalimu. Watacheka sana na watalikumbuka. Sharti moja: mtu asiigize kisa kilichomtokea mwenzake kweli, hata kwa kubadilisha jina. Wakirudia mara tatu nne, maneno yatatoka yenyewe siku ya siku.

Zungumzeni pia tofauti ya unoko na kuokoa. Binti mmoja wa Kidato cha Tatu aliiweka vizuri kuliko mimi: mnoko anasema ili fulani aadhibiwe, mwingine anasema ili fulani apone. Tukaiandika kwa chaki juu ya mlango wa bweni na wanafunzi wenyewe waliirudia kila ilipofutika.

Hatua ya sita: Siku anapokuja kwako

Atachagua wakati mbaya. Uko mbioni kwenda kikao, au unasonga ugali. Atasema, “Shikamoo madam, nilikuwa napita tu.” Hakuna mwanafunzi anayepita tu nyumbani kwa matroni saa 2 usiku. Zima jiko.

Mkalishe, wewe pia ukae, msitazamane kama mahakamani. Mpe kitu cha kushika, kikombe cha chai kinatosha. Mwache aanzie anapotaka. Usiahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Ahadi hiyo itakushinda, na siku ikikushinda hatakuamini tena yeye wala bweni lake. Sema: “Kuna mambo nitakaa nayo mwenyewe. Likiwa ni jambo la kukuumiza au kumuumiza mwingine, itabidi nimwambie mtu mmoja, na nitakuambia ni nani kabla sijaenda.”

Maneno ya kusema ni machache. Asante kwa kuja. Hujakosea. Niambie tena hapo kidogo sijakuelewa. Maneno ya kumeza ni mengi: Kwa nini hukusema mapema? Una uhakika? Na wewe ulikuwa unafanya nini huko? Huyo mbona ni mtu mzuri? Akimaliza, andika alivyosema kwa maneno yake, tarehe na saa, bila kuyapamba.

Kama anachosema kinahusu kuguswa, kulazimishwa au kubakwa, kazi yako inabadilika. Usimhoji kwa kina wala usimpeleke kwa mkuu, kisha makamu, kisha kamati, arudie kisa mara tano. Asioge na nguo zisifuliwe. Zifungwe kwenye mfuko wa karatasi. Mpeleke hospitali mapema, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hutolewa hapo. Akiwa na hali mbaya hospitali itangulie, fomu ifuate. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri apewe taarifa. Ukikwama, namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya pia, na mwanafunzi mwenyewe anaweza kuipiga. Bandikeni namba hiyo ndani ya milango ya vyoo, asome bila kuonekana anasoma.

Watakuja watu na kusema yaishe kifamilia. Watakuja na mbuzi, watakuja na machozi, atakuja hata mtu unayemheshimu sana. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Ukiwa na sheria mkononi ni rahisi kidogo kumwambia mzee wa watu, “Shikamoo mzee, lakini hili halipo tena mikononi mwangu.”

Hatua ya saba: Mwili unaposema kwa niaba ya mdomo

Wapo wasiokuja kabisa. Hao wasome kwa macho. Anayeacha kula kwa siku kadhaa. Anayeumwa kichwa kila Jumapili usiku. Mwenye kwenda zahanati mara tatu kwa wiki, na vipimo vya malaria havioni kitu. Aliyekuwa anafua kila Jumamosi, sasa nguo zinarundikana. Anayegawa vitu vyake, shuka kwa huyu, kalamu kwa yule, na kusema kwa mzaha, “mkinikosa msinitafute”.

Huyo wa mwisho mwulize waziwazi, siku hiyo hiyo, faraghani: “Umewahi kufikiria kujidhuru?” Walimu wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo, kuuliza kwa upole hakumsukumi mtu huko, humpa mlango. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata dakika moja, ondoa dawa na vitu vya hatari karibu naye, mpeleke hospitali na umpigie mzazi. Kumchapa au kumsimamisha masomo kwa sababu alijaribu kujidhuru ni ukatili, niseme tu hivyo.

Kuna na lile la kuanguka. Mmoja anapiga kelele bwenini, anaanguka, wa pili, wa tano, na kabla ya jua kuchwa wako ishirini na mtaa mzima umejaa getini. Si jambo jipya. Januari 30, 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya Kashasha karibu na Bukoba walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko na kilio vikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Hakuna mwalimu aliyeshikwa na hali hiyo. Machi 18 shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao, na huko nako kikaendelea. Kijiji cha Nshamba peke yake kilipata watu 217. Madaktari walitafuta sumu kwenye chakula na vijidudu kwenye damu, hawakuona. Hali hiyo huelezwa leo kuwa ni msongo wa kundi unaotokea mwilini, na nikisoma kisa hicho jambo linalonigusa ni kwamba walimu walibaki salama. Waliobanwa ndio walioanguka.

Yakitokea kwako, wote waonwe na mganga kwanza, maana ndani ya ishirini anaweza kuwemo mmoja mwenye kifafa au malaria kali. Watenganishe taratibu, chumba tulivu, watazamaji waondoke, simu za kupiga picha zizimwe. Ratiba ya wengine iendelee; chakula kije saa yake. Wazazi wakitaka maombi au dua yafanyike kwa heshima, kwa sauti ya chini, bila kumtaja mwanafunzi wala mpishi yeyote kuwa mchawi. Baada ya wiki kaa na waliopona, wachache wachache, waulize shule ilikuwaje mwezi uliotangulia. Mara moja nilipofanya hivyo nilisikia habari ya mitihani mitatu katika wiki mbili, maji yaliyokatika na mwalimu mmoja. Majini hayakutajwa.

Hatua ya nane: Mwonevu naye ni mwanafunzi wako

Kwanza usalama wa aliyesema. Usimhamishe yeye bweni. Bweni zima litasoma kwamba kaadhibiwa. Ahame mwonevu, na ahame katika mabadiliko ya vitanda ya watu kumi, isionekane ni barua ya nani. Ndiyo, ni kazi. Tunahamisha vitanda kila muhula kwa sasa, hata kama hakuna kesi.

Mwite, msikilize naye. Dada wa ndoo nilimwita nikiwa nimeshamhukumu. Nilipomwacha aongee ikajulikana kwamba hakuwahi kuwa na ndoo tangu Kidato cha Pili. Ada ilikuwa ikija nusu nusu na yeye alikuwa akioga usiku wa manane wenzake wakilala, kwa ndoo za kuiba. Hilo halikufuta kosa. Alirudisha ndoo zote tatu, akachoma upya majina ya wenyewe, akamchotea yule mdogo maji kwa wiki mbili mimi nikiwa pale bombani, na akavuliwa ukiranja wa usafi. Ila shule ilimpa ndoo. Ukiadhibu bila kutoa ndoo, mwezi ujao utakuwa na mwizi mjanja zaidi.

Kwa makosa mazito, kuumiza mwili, kudhalilisha, kutishia aliyesema, fuata taratibu za bodi na sheria, na usichelewe.

Hatua ya tisa: Wazazi, na uhamisho wako

Siku ya kutembelewa waambie wazazi neno moja tu la kutumia kwenye simu. Mtoto akiuliza “Bibi hajambo?” wakati bibi yuko hapo hapo anasikika, maana yake nataka kuongea faraghani. Kila familia itunge lake. Simu ya shule husikilizwa na foleni nzima, hivyo hakuna atakayesema ukweli bila kificho cha namna hii.

La mwisho ni uhamisho, kwani serikali itakuhamisha, na mara nyingi kila kitu hiki hufa barua ikishasainiwa. Andika daftari la makabidhiano: siku ya kufungua sanduku, ramani ya mwisho ya X, namba za simu za dawati la polisi na ustawi wa jamii. Wanafunzi wa kuangaliwa kwa karibu usiwaandike. Mtajie mrithi wako kwa mdomo, mkitembea. Kisha siku ya kuondoka, jioni nguo zinapoanuliwa, nendeni wote wawili hadi kwenye kamba. Mpe ufunguo pale pale, mbele ya watakaokuwepo. Alifungue sanduku mwenyewe na kulifunga. Mwache asimame hapo kidogo, wamwone.